Mstari wa 115

Mwezi uliopita niliingia duka moja la simu pale mjini, shida yangu chaja tu. Nilipousukuma ule mlango wa kioo, ubaridi ukanipiga usoni pamoja na harufu: plastiki iliyopata moto kidogo, karatasi mpya, na vumbi lililokaushwa na kiyoyozi. Kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimeshavua viatu, nimevipanga ukutani, nimesimama pekupeku juu ya vigae. Binti wa dukani akacheka.

"Mama, ingia tu na viatu. Hapa si msikitini."

Nikacheka naye, nikavaa viatu, nikanunua chaja yangu. Lakini nilipotoka nje, jua kali, milima ya Uluguru imejifunika wingu mpaka mabegani kama kawaida yake, nikaanza kulia barabarani, mtu mzima na mfuko wa plastiki mkononi.

Chumba cha kwanza cha baridi nilichoingia maishani mwangu kilikuwa chumba cha kompyuta cha kiwanda cha nguo, na sheria yake ilikuwa hiyo: viatu mlangoni. Wa rika langu mtakumbuka tulivyoziogopa mashine zile. Vumbi linaziua, tuliambiwa. Jasho la mkono linaziletea homa. Aliyekuwa na ufunguo wa chumba kile alikuwa mjomba wangu Kibwana, mdogo wake mama, na siku ya kwanza aliponiingiza alinisimamisha mbele ya kompyuta, akanikazia macho akasema, "Usipumue karibu na kioo." Nikabana pumzi. Nilibana mpaka mashavu yakavimba na kifua kikaanza kuuma, ndipo akaangua kicheko.

"Nakutania, Mama. Pumua."

Aliniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake, bibi yetu wa Mlali. Na kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo mjomba si mgeni wa kuja na pipi sikukuu. Baba yangu alikuwa kwenye mashamba ya miwa, ana nyumba yake nyingine huko, tukimwona Idi mbili kwa mwaka. Mjomba ndiye aliyenipeleka shule nikaandikishwa, ndiye aliyesaini ripoti zangu, ndiye ambaye nilisikiliza hatua zake zikikaribia jioni. Chumba chake kilikuwa ukuta mmoja na chetu. Akikohoa, najua kaamka.

Nilikuwa kidato cha pili, nina aibu ya yule mtu anayeona afadhali abaki na kiu kuliko kuomba maji. Darasani sikuwahi kunyoosha mkono. Maneno yangu yote yalikwenda kwenye kaunta buku moja la jalada gumu nililolificha chini ya godoro, na mengi yaliyomo ni maswali niliyotakiwa kumwuliza mtu nikashindwa.

Shule ikitoka, mama alinipa hotipoti nimpelekee mjomba chakula. Langoni kiwandani ilikuwa lazima nipite kwa Mzee Masanja, mlinzi mwenye manati shingoni, Mnyamwezi wa Tabora, na Wanyamwezi ni watani zetu. Hakuna siku niliyopita salama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mmeteremka tena huko mlimani na ndizi zenu? Fungua nione."

"Wali na maharage, babu."

"Mwambie huyo Mluguru ale harakaharaka. Akifa leo, hotipoti hiyo narithi mimi."

Mjomba akiwa ndani akimsikia atajibu kwa sauti, "Utaanza kufa wewe, nikuzike na manati yako!" Na Masanja atacheka mpaka kofia ianguke. Mimi nitapita kando ya ukuta, nimeinamisha kichwa, najisikia nimekaribishwa kuliko mahali popote duniani.

Kazi ya mjomba ilikuwa kupanga zamu. Kiwanda kilikuwa na zamu tatu, asubuhi, jioni na usiku, na kila Ijumaa orodha ya wiki inayofuata ilibandikwa ubaoni karibu na lango. Programu ya kuitoa orodha hiyo aliiandika yeye mwenyewe kwa BASIC, lugha ya kompyuta za siku zile, baada ya kozi fupi Dar. Kila mstari ulikuwa na namba yake mwanzoni. Mistari ya juu ilikuwa amri. Mistari ya chini ilikuwa majina matupu ya wafanyakazi, kwa mfuatano wa alfabeti, na programu iliyasoma moja moja na kuyapangia zamu. Namba za mistari zilikwenda 10, 20, 30. Nilizitazama siku nyingi. Mjomba akanisoma.

"Unataka kuuliza kwa nini tunaruka."

Nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Tunaacha nafasi. Binadamu anasahau. Ukikumbuka kitu baadaye unakipa namba 15, kinakaa mahali pake, na hakuna atakayejua kuwa ulichelewa."

Siku hiyohiyo nilianza kuandika shajara yangu kwa makumi. *10 Nimeamka. 20 Chai bila maziwa. 30 Darasani sikusema neno hata moja ila "present".* Mpaka leo daftari lile lipo, na namba zake zimenyooka kuliko mwandiko.

Halafu ikatokea habari ya Salumu. Orodha ya wiki moja ilitoka na jina la Salumu, fundi wa mtambo wa kufuma, kwenye zamu zote tatu kila siku. Salumu mwenyewe alikuja mpaka mlangoni, akavua viatu kama wote, akasimama na soksi zilizotoboka. "Kibwana, ndugu yangu, mimi ni mtu au jini? Nilale saa ngapi?" Mjomba aliomba radhi, akarudi kwenye kioo, na ndipo nilipoona kitu ambacho kwangu kilikuwa kama uganga. Kabla ya ile sehemu aliyoishuku, aliingiza mstari mmoja wa neno moja: TRON. Baada yake akaingiza mwingine: TROFF. Akaiendesha.

Kioo kikajaa namba ndani ya mabano: [100][110][120][100][110][120]. Zilimwagika kama mchwa.

"Nyayo zake hizo," alisema mjomba. "Kila mstari inaoukanyaga, inautaja. Ikifika kwenye TROFF inanyamaza. Sikuilazimisha kutoka nje. Nimeiandikia mlemle ndani mwake, inajifuatilia yenyewe." Akagusa kioo kwa kucha. "Unaona? Ikifika 120 inarudi 100 badala ya kuendelea mbele. Inamrudia Salumu huyohuyo. Maskini."

Baada ya hapo akaingiza neno lingine, STOP, lifanye kazi kila baada ya majina ishirini. Programu ikifika hapo inasimama, inataja namba ya mstari iliposimama, kisha inangoja. Hili ndilo nililolipenda kuliko yote. Mashine kubwa namna ile, inangoja mtu.

"Ikisimama haina haraka," mjomba alinieleza, mdomo umejaa wali. "Unaweza kuiuliza kitu chochote kwa PRINT. Umefika jina la ngapi? Umemshika nani sasa hivi? Itakujibu kweli tupu. Ukiridhika, unaandika CONT, inaendelea palepale kana kwamba hakuna kilichotokea. Sharti moja tu: uliza unavyotaka, ila mistari usiiguse."

Akanitazama kwa macho yale yale ya *usipumue karibu na kioo*. Nikajua ananitania.

Mambo ya nje niliyaelewa nusunusu. Mama alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikuwa imeanza kukaa kimya siku nzima, kwa sababu mitumba ilishuka sokoni kwa marobota na watu wakaacha kushona. "Kafa Ulaya hao wametumaliza," alisema, ndivyo tulivyoiita mitumba, na yeye mwenyewe amevaa blauzi ya mtumba. Kiwandani pia vitenge vilirundikana stoo. Wageni wenye suti walianza kupita wakitembezwa, wanaangalia mitambo kama watu wanaochagua ng'ombe mnadani, na neno "kupunguzwa" likaingia kwenye kila mazungumzo. Orodha ya zamu, nilipoanza kwenda, ilikuwa kurasa saba. Ikawa tano. Ikawa tatu. Jina lililotolewa kiwandani lilitakiwa litolewe pia kwenye mistari ya chini ya programu, na mwenye kulitoa ni mjomba.

"Umewafuta wangapi leo?" mama alimwuliza jioni moja, kwa mzaha.

Mjomba aliweka tonge sahanini. "Dada, usiniulize hivyo tena."

Alianza kukaa nje peke yake baada ya magharibi, anatazama mlima. Nilikuwa nikisimama mlangoni nyuma yake, nina swali mdomoni. Nikarudi ndani kuliandika.

Ijumaa ile nilifika na hotipoti kama siku zote. Masanja alikuwa langoni, akanitania, nikapita. Nilivua viatu. Mjomba alikuwa ameshaiendesha programu, printa inakwaruza, ile karatasi ndefu yenye matundu pembeni inateremka sakafuni ikijikunja. Majina ishirini, ikasimama. Mengine ishirini, ikasimama tena. Karatasi nayo ikaisha.

"Nakwenda stoo kuchukua karatasi," mjomba akasema. "Iache ilivyosimama."

Alifika mlangoni, akaingiza mguu mmoja kwenye kandambili, akabaki hivyo, mguu mmoja ndani mmoja nje. Alinitazama muda mrefu kuliko ilivyotakiwa.

"Una swali lolote, Mama?"

Nilikuwa na maswali mia. Nilikuwa nayo hata siku hiyo, kwenye begi, ndani ya kaunta buku.

"Sina, mjomba."

Akatikisa kichwa taratibu, akaondoka.

Nikabaki peke yangu na ile mashine inayongoja. Nilikuwa na mazoea ya kuyaita majina kwenye kioo nikayasoma kama mtu anayesoma barua za watu, kuangalia kuliruhusiwa. Nikafika kwenye herufi K. Mstari ule niliujua kwa moyo: Khalfani, Kibwana, Kombo. Siku hiyo ulisema: Khalfani, Kombo.

Nilisoma mara tatu. Kiyoyozi kilinguruma. Nikakumbuka wale wa suti, nikawachukia wote hata nisiowaona, kwamba wamemlazimisha mjomba wangu kujifuta kwa mkono wake mwenyewe. Halafu akili ya mtoto ikafanya hesabu yake. Mashine imesimama kabla ya K. Majina ya K bado hayajasomwa. Nikimrudisha sasa hivi, itakapoendelea itamkuta.

Niliuandika mstari upya, herufi moja moja kwa kidole kimoja: Khalfani, Kibwana, Kombo. Nikabonyeza. Ukakaa. Nikaandika CONT ili nione tu kama inamkubali.

Kioo kikasema: *Can't continue*.

Nikaandika tena. *Can't continue.* Kiingereza changu cha kidato cha pili kilitosha kabisa. Haiwezi kuendelea. Mjomba hakuwa ametania. Kati ya mambo yote aliyonitania, sharti lile moja lilikuwa la kweli, na mimi nimelivunja.

Sikumngoja. Nilibeba viatu mkononi, nikakimbia. Masanja akaita, "Wewe, hotipoti yangu umeiacha huko?" nikampita bila shikamoo, mimi ambaye sikuwahi kukosa heshima.

Jioni mjomba alirudi na hotipoti, akala samaki wake kama siku zote, habari ya mashine hakuitaja. Nikangoja anigombeze, nikatamani anigombeze. Jumapili asubuhi alitoka chumbani na begi la kamba. Mama alikuwa ameshajua. Walikuwa wamelizungumza bila mimi. Anakwenda kaskazini, machimboni. Alinishika kichwa, akasema, "Nitarudi, Mama. Soma." Nikaitikia kwa kichwa.

Hakurudi mwaka ule wala uliofuata. Barua zilikuja, zikapungua, zikakatika. Na mimi niliamini jambo ambalo sikumwambia mtu, si mama, si mume wangu baadaye: kwamba mjomba alikuwa amesimama tu mahali fulani, kama programu yake, na angeendelea palepale, ila mimi nilibadilisha mstari. Niliamini hivyo kwa uzito wote wa msichana wa miaka kumi na tano. Nilipokua sikuamini tena, lakini kuacha kuamini hakukuniondolea kitu. Kila nikisikia kikohozi upande wa pili wa ukuta, nyumba yoyote ile, nilikaa kitako kitandani.

Alirudi wakati mimi nina watoto watatu. Alirudi Mlali, nyumbani kwa bibi, amekonda, kifua kimejaa vumbi la migodini. Kiwanda kilikuwa kimeshabadili wenyewe mara sijui ngapi. Nilimkuta uani anamenya mihogo. Nikampa shikamoo, akaitikia, "Marahaba, Mama yangu," na palepale, kabla sijaketi, nikamweleza habari ya mstari wa K. Yote. Nililia kama wa kidato cha pili.

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, ikabidi nimpe maji.

"Niliporudi na karatasi nikakuta jina langu limekuja tena," alisema. "Nikajua ni wewe. Nani mwingine alijua kuandika mstari?"

"Ulifanyaje?"

"Ningefanyaje? Niliandika RUN. Ikaanza upya toka 10. Ikikataa kuendelea haijafa, Mama. Inaanza mwanzo tu." Akapangusa macho. "Orodha ikatoka na jina langu ndani, nikaibandika hivyohivyo. Wiki nzima niko kwenye basi na huko machimboni, na ubaoni Kibwana yuko zamu ya asubuhi. Masanja aliniambia baadaye, watu walikuwa wanamwuliza, mtani wako mbona hatumwoni? Anawajibu, kalala, Waluguru hawaamki mapema."

"Kwa nini hukulifuta tena?"

Alimenya muhogo mzima kabla ya kujibu.

"Mara ya kwanza nililifuta mwenyewe. Hakuna aliyeniambia. Wale wa suti walitaka nibaki, nani angeiendesha ile mashine? Nilichoka kufuta watu. Basi nikajifuta na mimi. Lakini kulifuta baada ya kuona umelirudisha wewe, mkono ulikataa."

Kwa hiyo alitaka kuondoka. Miaka yote ile nilimtafutia mtu aliyemwondoa. Nilikaa nalo hilo, mihogo inaloweka kwenye beseni, kuku wanapita kati yetu.

"Ungeniambia, mjomba."

"Nilikuuliza kama una swali," akasema, wala si kwa lawama. "Nilisimama pale na kandambili moja. Nilisema moyoni, huyu mtoto akiniuliza unakwenda wapi, basi siendi. Ukasema huna."

Mjomba tulimzika masika yaliyopita, Mlali, mvua inanyesha mpaka udongo unateleza mikononi mwa wachimbaji. Mzee Masanja, sasa kipofu wa jicho moja, alikuja akishikwa mkono na mjukuu wake. Alikaa chini mbele ya jeneza, akagoma lisipite, kama wanavyofanya watani, mpaka apewe urithi wake. Watu wakamwuliza anataka nini. "Hotipoti," akasema. Nikaingia ndani nikamletea. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka kwenye macho yote mawili, hata lile lisiloona.

Siku ile ya duka la simu nilirudi nyumbani nikaitafuta kaunta buku. Kurasa zimekuwa rangi ya chai. Ijumaa ile ipo, imenyooka:

*100 Mjomba amesimama mlangoni.*
*110 Ameniuliza kama nina swali lolote.*
*120 Nimesema sina.*

Niliitazama ile nafasi kati ya mistari miwili ya mwisho, nyembamba kama wembe. Najua ukigusa mstari haiendelei. Najua aliyekuwa akingoja hayupo tena mlangoni. Nilichukua kalamu ya mwanangu, nikainamia daftari, nikaandika kwa herufi ndogo kadiri nilivyoweza ili ienee:

*115 Mjomba, unakwenda wapi?*